Alama za Udaktari Hazinunuliwi kwa Simu: Soma Hii Kabla ya Kutuma Pesa

Simu iliingia saa mbili usiku, siku ya tatu baada ya matokeo ya KCSE kutangazwa. Mwanamume aliyepiga alikuwa na sauti ya upole na Kiswahili safi cha ofisini. Alimtaja mteja wetu kwa jina, akamtaja bintiye kwa majina yote matatu, kisha akasoma nambari ya mtahiniwa, tarakimu zote 11, bila kukosea hata moja.

"Mama, kwanza hongera kwa kulea," alisema. "Msichana amekosa kidogo tu. Ni Biolojia imemwangusha. Lakini mfumo bado haujafungwa. Tukimsukuma usiku huu, udaktari anaingia."

Binti alikuwa amepata wastani wa B-. Tangu darasa la tano alikuwa akisema atakuwa daktari, na kijiji kizima kilikuwa kimeshaanza kumwita hivyo. Mama huyu, anayeuza mboga na omena sokoni magharibi mwa Kenya, hakulala. Asubuhi alituma shilingi 5,000 "za kufungua faili". Siku iliyofuata akatuma 12,000 "za mtu wa kompyuta". Jioni ya siku ya tatu akaambiwa zimebaki 18,000 tu "za mkubwa wa kutia sahihi". Hizo hakuwa nazo, kwa hivyo akakopa kwenye chama.

Ametukubalia tusimulie kisa chake bila kutaja jina. Tunakileta hapa kwa sababu kila mwaka, matokeo yakitoka, timu yetu ya huduma kwa wateja hupokea simu za aina hii. Na karibu kila mara, mzazi angegundua uongo mapema kama angejua jambo moja: udaktari unahitaji alama gani hasa, na alama hizo hufikaje chuoni.

Udaktari unataka nini

Tuanze na msingi. Katika KCSE kila alama ina pointi zake. A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8, C+ ni 7, na kuendelea hivyo hadi E, ambayo ni 1. Wastani hupatikana kwa masomo saba, kwa hivyo pointi za juu kabisa ni 84.

Kuingia chuo kikuu kusomea shahada yoyote, mwanafunzi anahitaji wastani wa C+ au zaidi. Kati ya watahiniwa 962,512 waliofanya KCSE mwaka 2024, waliofika hapo ni 246,391, yaani takriban robo. Waliopata A ni 1,693.

Lakini C+ inafungua lango la chuo kikuu tu. Lango la udaktari liko mbele zaidi. Kwa shahada ya udaktari na upasuaji, mwanafunzi anatakiwa kuwa na angalau B katika masomo manne:

- Biolojia
- Kemia
- Hisabati au Fizikia
- Kiingereza au Kiswahili

Kila moja lazima ifike B. Huwezi kuchukua A ya Kiswahili ukaziba C+ ya Biolojia. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Wanaangalia ile alama kubwa ya wastani iliyo chini ya karatasi, wanafurahi au wanalia, na hawasomi mistari ya masomo moja moja.

Sasa rudi kwa binti wa mteja wetu. Alikuwa na Biolojia C+, Kemia B-, Hisabati B na Kiingereza B+. Masomo mawili hayakufika, si moja. Yule tapeli alitaja Biolojia peke yake kwa sababu alijua mzazi atashika hilo moja na kuamini ni jambo dogo.

Kuhitimu kuomba si kupata nafasi

Kuna hatua ya pili ambayo wengi hawaijui. Hata mwenye B katika masomo yote manne hajahakikishiwa nafasi. Vyuo vinavyofundisha udaktari, kama Nairobi, Moi, Kenyatta, JKUAT, Maseno na Egerton, vina viti vichache na waombaji wengi. KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, hupanga waombaji kwa pointi za kundi la masomo, na pointi hizo huhesabiwa kwa jumla ya 48.

Njia iliyozoeleka ya kukadiria ni hii. Chukua pointi za yale masomo manne na ugawanye kwa 48. Chukua pointi za masomo yote saba na ugawanye kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Mwanafunzi mwenye B tupu kila mahali ana 36 kati ya 48 na 63 kati ya 84. Hesabu inampa 36. Mwenye A- kila mahali anapata 44. Binti wetu, mwenye pointi 34 katika masomo manne na 56 katika saba, anapata karibu 33.

Sasa linganisha. Kwa udaktari katika vyuo vya umma, pointi za mtu wa mwisho kuingia kwa kawaida hupita 40. Kwa hivyo hata kama yule mtu wa simu angeweza kweli kupandisha Biolojia hadi B, msichana bado asingeingia. Mama alikuwa analipia mlango, na nyuma ya mlango huo kulikuwa na ukuta.

Hesabu hiyo ni ya dakika tano, na ingeokoa shilingi 17,000.

Kwa nini hakuna "mtu wa ndani"

Tunaulizwa sana: je, kama kweli kuna mtu ndani ya ofisi? Fuata safari ya alama uone.

KNEC ikishatangaza matokeo, alama ziko katika kumbukumbu zake. Mtahiniwa anaziona kwenye tovuti ya matokeo ya KNEC kwa kuandika nambari yake ya mtihani na jina. Shule nayo inapata nakala yake. Na wakati wa kuomba nafasi, mwanafunzi haandiki alama zake mahali popote. KUCCPS huzipokea moja kwa moja kutoka KNEC. Ukiingia kwenye akaunti yako unazikuta zimeshakaa.

Kwa hivyo hata ukitumiwa karatasi nzuri yenye muhuri na B ya Biolojia, hiyo ni picha tu. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuitengeneza kwa dakika kumi. Chuo hakiangalii picha yako. Na ukijaribu kuitumia baadaye, mwenye kesi ya cheti cha kughushi ni mtoto wako, wala si yule aliyekula pesa.

Kama kweli unaamini alama si sahihi, njia halali ipo. Mtahiniwa hupeleka malalamiko kwa mkuu wa shule, naye huyapeleka KNEC ndani ya muda unaotangazwa matokeo yanapotoka. Hakuna njia inayoanza na simu ya usiku.

Walipata wapi nambari zake?

Hili ndilo lililomtisha mama zaidi. Alidhani mtu anayejua nambari ya mtihani lazima awe mtu wa serikali.

Tulipozungumza naye, jibu lilipatikana bila shida. Siku ya matokeo, mjomba alipiga picha ile karatasi akaiweka kwenye Facebook na kikundi cha familia cha WhatsApp, na maneno ya pongezi chini yake. Jina kamili lilikuwa hapo, nambari ya mtihani ilikuwa hapo, na alama zote. Nambari ya simu ya mama iko kwenye ukurasa wake wa biashara, kwa sababu anauza mboga. Tapeli alihitaji tu kuunganisha vipande viwili.

Basi tunaomba: furahia matokeo, piga vigelegele, lakini usiweke picha ya karatasi mtandaoni. Mtu mwenye nambari ya mtihani na jina anaweza kufungua matokeo ya mtoto wako kama wewe tu. Tena, mara ya kwanza kuingia kwenye akaunti ya KUCCPS mwanafunzi hutumia nambari ya mtihani, mwaka wa mtihani, na nenosiri la kuanzia ambalo limekuwa nambari ya cheti cha kuzaliwa au ile ya KCPE. Ukiwa umezianika zote, mgeni anaweza kuingia na kuvuruga kozi alizochagua mtoto. Mara tu anapoingia, abadilishe nenosiri. Na kama mnatumia saiba, mzazi au mwanafunzi awepo mwenyewe, na mhakikishe ametoka kwenye akaunti kabla ya kuondoka.

Pesa halali hupita njia gani

Kuomba nafasi kupitia KUCCPS kuna ada, ndiyo. Ada hiyo hutangazwa wazi na hulipwa ukiwa ndani ya akaunti ya mwanafunzi. Tangu mwaka 2023, serikali imeelekeza malipo ya huduma zake yapitie eCitizen, ambayo nambari yake ya Paybill ni 222222. Nambari ya akaunti unapewa na tovuti yenyewe wakati unalipa, na baada ya kulipa kuna risiti.

Angalia tofauti. Malipo halali yana taasisi, nambari ya akaunti na risiti. Malipo ya tapeli yana jina la mtu. Mama huyu alipotuma mara ya kwanza, jina lililotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mwanamume. Mara ya pili likawa la mwanamke. Mara ya tatu, la mtu mwingine kabisa. Aliona majina yote matatu. Alipouliza, aliambiwa "hao ni wahasibu wetu."

Lile jina linalotokea kabla hujaweka PIN ndilo onyo la mwisho tunaloweza kukupa. Tafadhali lisome. Kama unalipa taasisi na jina ni la mtu binafsi, simama hapo hapo.

Jihadhari pia na barua za kujiunga na chuo zinazokuja kwa WhatsApp zikidai "ada ya kushikilia nafasi" itumwe kwa nambari ya simu. Barua ya kweli huipata mwanafunzi kwenye tovuti ya chuo chake, na karo hulipwa kwa akaunti za chuo zilizoandikwa humo. Na ukiambiwa na ajenti kwamba mtoto aliyekosa alama hapa atachukuliwa udaktari ng'ambo, uliza kwanza baraza la madaktari, KMPDC, kabla ya kutuma hata deposti. Ndilo linalosajili madaktari Kenya, na aliyesomea nje hupita mikononi mwake akirudi. Inauma sana kumaliza miaka sita na kuambiwa huwezi kusajiliwa.

Dakika kumi na moja

Turudi kwa ile 18,000 ya chama.

Mweka hazina wa chama ni mwalimu mstaafu. Alitoa mkopo kwa sababu aliambiwa ni wa "mambo ya shule". Lakini mama alipokwisha kutuma, alimwonyesha ujumbe wa kuthibitisha akitaka amsaidie kuhifadhi. Mwalimu akasoma jina, akainua macho.

"Dada, hii shule ina jina la mtu?"

Mama akaeleza yote. Mwalimu hakumgombeza. Aliuliza tu Biolojia ilikuwa ngapi, na Kemia ilikuwa ngapi, akaandika hesabu nyuma ya daftari la chama. Kisha akasema, "Piga kwa kampuni sasa hivi. Mengine tutaongea baadaye."

Simu yake ilitufikia dakika 11 baada ya kutuma. Pesa zilikuwa bado hazijatolewa. Tuliweza kuzizuia, na baada ya uchunguzi zilirudi kwake. Zile 5,000 na 12,000 za mwanzo zilikuwa zimetolewa kwa wakala dakika chache tu baada ya kutumwa. Hizo hatukuweza kuzirudisha, na tulimwambia hivyo bila kuzunguka.

Tunataka mjue mpaka wetu uko wapi. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji, kuna la kufanya. Ikishatolewa taslimu, kilichobaki ni kazi ya polisi. Ndiyo maana dakika ni muhimu kuliko maelezo. Piga kwanza, eleza baadaye.

Jambo moja lilikuwa limemzuia mama kupiga simu mapema, hata alipoanza kushuku: aibu. "Mwanangu," alimwambia mhudumu wetu, "nilijua hata mimi nimekosea. Nilikuwa nanunua alama. Ningeanzaje kuripoti?"

Hatutasema halikuwa kosa. Kulipa ili alama zibadilishwe ni kosa, na matapeli wanalijua hilo. Wanategemea ukimya wako. Lakini kila siku unayonyamaza, laini ile ile inapigia mzazi mwingine. Ripoti kwetu, na ripoti kituo cha polisi kilicho karibu au kwa DCI kupitia nambari yao ya bure, 0800 722 203. Usifute jumbe. Hifadhi nambari, majina, saa na kiasi.

Mlango mwingine upo

Tapeli hukuambia mlango ni mmoja na unafungwa usiku huu. Ukweli ni kwamba kuna milango kadhaa, na mingine haijafungwa kabisa.

Binti huyu, kwa alama zile zile alizopata kwa jasho lake, anafikia masharti ya shahada ya uuguzi, ambayo huhitaji C+ katika masomo ya kundi: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Anazo zote. Nafasi atashindania kama wengine, lakini anaomba kwa haki yake.

Kuna pia KMTC. Diploma ya uuguzi na ile ya wale tunaowaita ma-CO huanzia wastani wa C, pamoja na masharti ya masomo. Miaka ya karibuni maombi ya KMTC yamekuwa yakipitia tovuti ya KUCCPS. Hospitali nyingi za mashinani zinasimama kwa mikono ya watu hawa. Na baadhi ya vyuo vikuu hupokea wenye diploma za afya kwenye udaktari kwa masharti yao, ikiwemo alama za KCSE. Safari ni ndefu, lakini ni halali. Uliza chuo chenyewe, usiulize ajenti.

Mwingine ataamua kurudia mtihani. Hilo pia ni haki. Lakini jueni kwamba anafanya masomo yote upya, halafu hesabu inaanza upya. Na wakati si mwingi: darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027.

Kabla ya kutuma, jiulize

1. Nimesoma alama za yale masomo manne, moja moja?
2. Nimekadiria pointi kati ya 48?
3. Nani aliyenitafuta: mimi nilienda kwao, au wao walinipigia?
4. Jina kwenye skrini ni la taasisi au la mtu?
5. Nimemwambia mtu mmoja ninayemwamini? Tapeli atakuambia ufanye siri. Hapo ndipo umwambie mtu.
6. Kama nimeshatuma, nimepiga simu kwa huduma kwa wateja?

Na kumbuka, sisi hatutawahi kukupigia kuomba PIN yako, wala kukuomba utume pesa ili tukurudishie pesa. Baada ya kutapeliwa, wengine hupigiwa na "mtu wa kampuni" anayeahidi kurejesha hela kwa ada kidogo. Huyo ni yule yule, au ni rafiki yake.

Tulimpigia mama wiki jana kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Anaendelea kulipa chama zile 17,000, kwa sababu zilizotangulia alikuwa ametoa kwenye mtaji wa biashara na sasa amekopa kuujaza. Binti ameomba uuguzi kama chaguo la kwanza, na diploma ya KMTC ameichunguza pia. Anamsaidia mamake sokoni huku wakisubiri.

Tulimuuliza kama ana neno kwa wazazi wengine. Alifikiri kidogo.

"Waambie waketi chini na mtoto, wasome ile karatasi pamoja," alisema. "Mimi niliificha nikaanza kutuma pesa. Msichana angeniambia mwenyewe. Yeye alikuwa ameshajua."